Likizo ya Misri, Kutoka Nyuma ya Mfumbiro

Mvua inyeshayo juu ya Masisi haina hiari ya njia. Ikisha kushuka mabondeni na kupokewa na mito iendayo magharibi, huingia katika Lowa, ikapita chini ya miti mikubwa ya Walikale, ikafika Lualaba, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Ilhali mvua ile ile, ikinyesha mwendo wa siku mbili tatu kwa miguu upande wa mashariki, katika bonde la mto Rutshuru, huingia Ziwa Edward, ikafuata Semliki hata Ziwa Albert, ikawa Nili, na ikamaliza safari yake Misri, kwenye Bahari ya Rum. Wajuzi wa miamba husema kwamba hapo kale, kabla volkeno za Virunga hazijainuka na kuliziba bonde, hata maji ya mahali palipo na Ziwa Kivu leo yalikuwa yakielekea kaskazini. Basi katika nchi hii maji ndiyo yaliyotangulia kuijua njia ya Misri, na moto wa ardhini ndio ulioikata.

Niliyakumbuka hayo msimu wa mvua uliopita, nilipokuwa nimeketi Rubaya, barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu, ambaye baada ya kufundisha historia na jiografia miaka thelathini na minane ameingiwa na azma moja ambayo jamaa zake huiona kuwa ni wazimu wa uzee, nayo ni kwenda Misri, si kwa biashara, wala kwa matibabu, wala kwa kukimbia vita, bali kwenda kutembea tu na kurudi. Mapajani alikuwa na daftari la shule, na ndani yake, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni uliotufundisha sisi sote kusoma, alikuwa ameorodhesha zana za safari: pasipoti, viza, karata ya manjano ya chanjo, nauli ya gari mpaka Goma, nauli ya ndege, viatu vya kutembelea mchangani, na chini kabisa, "fromaji mbili", yaani zile jibini ngumu za duara za Masisi, ambazo mtu wa huku aendaye mbali huzitia mkobani ili zimsemee kwa wenyeji wake kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa.

"Mwanangu," aliniambia, "piramidi nimezichora ubaoni kila mwaka, na kila mwaka nimezifuta. Nataka nikaone moja isiyofutika." Kisha, kwa desturi ya walimu ambao hawawezi kukaa na mtu bila ya kumtahini, akaniuliza: katika watu wasemao Kiswahili, ni nani aliyetangulia kwenda Misri kwa konji?

Konji ndilo neno letu la huku, tulilorithi katika Kifaransa cha Wabelgiji, na kila karani wa Goma hulijua. Watu wa pwani husema likizo, na neno hilo lina asili ya kupendeza, kwani kumlikiza mtoto ni kumwachisha ziwa, na kumlikiza mtumishi ni kumpa ruhusa aondoke kazini. Kwa hiyo likizo si starehe tu. Ndani yake mna mtu aliyekuwa ameshikwa na mwingine aliyemwachilia. Atakaye kuandika tarikhi ya likizo za watu wetu katika Afrika ya Kaskazini hana budi kuuliza kila mara swali moja: msafiri huyu alilikizwa na nani, na je, alirudishwa kwao?

Wa kwanza ninaoweza kuwataja, ambao walifika Cairo kwa miguu na majahazi kutoka upande wetu wa Afrika wakapumzika humo kama wageni, ni wanaume kumi na wanane, na mkubwa wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa hata Bara Hindi, akapata uhuru wake, akarudi Zanzibar. Waliondoka pwani ya Bagamoyo mwaka 1860 pamoja na Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wakitafuta chimbuko la Nili. Msafara ulipoanza ulikuwa mkubwa. Lakini homa, njaa, vita vya Unyamwezi na kukata tamaa viliupunguza mwaka hata mwaka, wengine wakatoroka na mizigo, wengine wakafa njiani, mpaka wakabaki hao wachache ambao Speke aliwaita waaminifu wake. Mwezi wa Novemba 1861, walipokuwa Karagwe, nchi ya mfalme Rumanika, waliona upande wa magharibi vilele vyembamba vimechomoza mbinguni, wakaambiwa kwamba ile ndiyo Mfumbiro, yaani volkeno zetu za Virunga. Vilele hivyo ndivyo tuvionavyo sisi kutoka upande wa pili kila asubuhi isiyo na mawingu, na nyuma yake ndiko kuliko na Rubaya. Hakuna katika msafara ule aliyejua habari zetu, wala katika sisi hakuna aliyejua kwamba upande wa pili wa mlima wanapita watu waendao Misri.

Mwezi wa Julai 1862 Speke alisimama penye maporomoko ya Jinja, pale Nili itokapo ziwani. Mwezi wa Februari 1863 walifika Gondokoro, wakashuka na mto hata Khartoum, na kabla mwaka haujafika nusu walikuwa Cairo. Hapo ndipo kisa kinapokuwa cha likizo. Watu ambao kwa muda wa miaka miwili na nusu walikuwa wamebeba, wamelinda, wametafsiri lugha na kuvumilia matusi ya wenye safari, sasa hawakuwa na mzigo wowote wa kubeba. Walipigwa picha, na picha hiyo ikachongwa ikatiwa katika kitabu ambacho Speke alikitoa mwaka ule ule. Walipelekwa kusikiliza muziki na kutazama maonyesho ya mjini. Nao wakaalikwa kuliona jumba la Ismail Pasha, aliyekuwa ameshika utawala wa Misri mwaka huo huo. Mtu akiyatazama matembezi hayo, ataona kwamba yanafanana sana na yale ambayo kampuni za utalii zinamuuzia mgeni leo: picha, muziki, na jumba la mfalme.

Lakini jambo linalonistaajabisha zaidi si walivyotembezwa, bali walivyotayarishiwa kurudi. Kabla ya kuagana nao, Speke alimfanya Bombay kuwa kapteni wa wenzake, akawaandikia hati za mshahara wao, na tena hati kwamba wanunuliwe shamba la pamoja Zanzibar, na kila mmoja apewe riale kumi za mahari siku atakapopata mke. Balozi wa Uingereza akawatengenezea njia ya Suez, Aden na visiwa vya Shelisheli. Nayo safari, kama safari zote zilizopangwa vizuri, ikaharibika: merikebu iliwapitisha Shelisheli bila ya kuwashusha, wakajikuta Morisi, ambako wenyeji waliwapokea kwa furaha, wakawachangia fedha na kuwakatia tikiti za sarakasi, kisha wakawarudisha Shelisheli, na kutoka huko wakafika Zanzibar. Likizo iliyoanza bila ya mpango ikamalizika kwa kosa la njia. Hata hivyo walifika kwao, na ahadi ya shamba ilikuwa ikiwangoja.

Miaka kumi na miwili baadaye akaja msafiri wa namna nyingine. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hata 1888, alisafiri mwaka 1875 kwenda Uingereza pamoja na mawaziri, maulamaa na watumishi wake. Na katika kurudi, baada ya kuiona London na Paris, alishukia Misri akapokewa kwa taadhima na Ismail yule yule aliyewahi kuwakaribisha Bombay na wenzake, ambaye wakati huo alikuwa na cheo cha Khedive. Katibu wake, Zahir bin Said, aliweka kumbukumbu za safari hiyo, nazo zikachapwa London kwa Kiarabu katika kitabu ambacho anwani yake, ikifasiriwa, inazungumza juu ya kuyatembeza macho na fikra katika safari ya Sultani wa Zanzibar. Mwalimu wangu alipoyasikia maneno hayo alifunga daftari lake akasema kwamba laiti angeliyajua alipokuwa akiwajibu jamaa zake, maana walimwuliza anakwenda Misri kufanya nini, na yeye hakuwa na jibu ila hilo.

Macho ya Barghash hayakutembea bure. Baada ya kurudi alianzisha matbaa ya kuchapa vitabu, na inasimuliwa Zanzibar kwamba taarabu ilikuja kisiwani kwa sababu Sultani huyo alimpeleka mtu Cairo kujifunza kupiga kanuni. Ila safari hiyo ina uchungu wake pia. Barghash alikuwa hajamaliza kupanga zawadi alizorudi nazo, ikafika habari ya kuwa manowari za Misri, chini ya McKillop Pasha, zimeshuka mwezi wa Oktoba katika bandari za Barawa na Kismayu, zilizokuwa mali ya Zanzibar. Khedive alikuwa amemkirimu mgeni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa akiinyoshea ramani ya nchi ya mgeni huyo. Waingereza ndio waliomlazimisha kuyaondoa majeshi yake baada ya muda mfupi.

Ama huku nyuma ya Mfumbiro, pazia lilifunguliwa mwaka 1894, Mjerumani von Götzen, aliyekuwa ametoka Pangani na wapagazi wake, alipopanda Nyiragongo, akaliona Ziwa Kivu, kisha akaupasua msitu upande wa magharibi mpaka mto wa Kongo. Kutoka magharibi nako, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupanda pamoja na wafanyabiashara wa Maniema. Tangu hapo watu wa Masisi wakawa na lugha ya safari. Lakini uhuru wa safari hawakuupata. Katika ukoloni wa Wabelgiji, mtu mweusi hakuweza kutoka katika eneo la chifu wake akakaa mahali pengine bila ya karatasi ya idhini. Kwa upande wa pili, tangu mwaka 1937 serikali iliwahamisha Wanyarwanda kwa maelfu kutoka ng'ambo ya ziwa ikawaweka katika milima ya Masisi, na wengi wao wakafanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mlowezi alikuwa na konji yake ya kwenda Ulaya, nayo imo katika mkataba wake; mfanyakazi wake alikuwa na njia mbili tu, ya kwenda shambani na ya kurudi.

Katika hali hiyo, walioiona Misri kutoka Kongo waliiona kwa amri. Baada ya kuwashinda Waitaliano katika Uhabeshi mwaka 1941, askari wa Force Publique, jeshi la ukoloni la Kongo, walipelekwa Nigeria, na kutoka huko, mwaka 1943, wakapelekwa Misri na Palestina: wengine kwa njia ya bahari, wengine katika magari, wakilikata bara kutoka magharibi hata mto Nili. Mtu akiifuata njia hiyo kwenye ramani ataona kwamba ni watalii wachache wa zama zile waliosafiri mbali kuliko wao. Waliliona jangwa ambalo matajiri wa Ulaya walilipa fedha nyingi kuliona tangu Thomas Cook alipoanza kuwapeleka wageni wake juu ya Nili mwaka 1869. Nao hawakulipa nauli. Lakini mwenye kupelekwa si mwenye kwenda, na kule pia walipewa ruhusa za jioni moja moja, kwa saa, na kengele ya kuwarudisha kambini.

Baada ya vita Misri yenyewe ikaanza kuja kwetu, na chombo chake kilikuwa redio. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na miongoni mwa sauti zilizosikika alikuwamo Ahmed Rashad Ali wa Zanzibar. Baadaye vijana wa Afrika Mashariki walikwenda huko kusoma, wakawa na nyumba yao mjini. Kwa Wakongo jina la Cairo likapata maana nyingine mwishoni mwa mwaka 1960, Patrice Lumumba alipowapeleka watoto wake Misri kwa siri, chini ya himaya ya Gamal Abdel Nasser, wiki chache kabla yeye mwenyewe hajauawa Katanga mnamo Januari 1961. Watoto wale walifika salama. Masisi, ambako watu wengi husoma Injili, jambo hili halikuwa geni, kwa kuwa walikwisha kusikia habari za mtoto mwingine aliyekimbizwa Misri usiku, mikononi mwa mamaye, kwa sababu ya hofu ya mfalme.

Basi Misri ikawa kwetu nchi ya hifadhi. Mara moja tu ikawa nchi ya furaha. Mwezi wa Machi 1974 timu ya taifa, ambayo siku hizo iliitwa Leopards ya Zaire, ilicheza fainali ya Kombe la Afrika mjini Cairo dhidi ya Zambia. Mchezo wa kwanza ulimalizika mabao mawili kwa mawili, ukarudiwa baada ya siku mbili, na Zaire ikashinda mawili kwa bila. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili aliyafunga Ndaye Mulamba, ambaye katika mashindano yale alifunga tisa. Mwalimu alikuwa kijana wakati huo. Anasema kwamba redio ilikuwa ya jirani, betri zake zimeanikwa juani tangu asubuhi zipate nguvu, na watu walisimama uani wakiinamisha vichwa kana kwamba wako kwenye ibada. Siku hiyo, asema, ndipo alipoazimia kwenda. Miaka ishirini na mitatu baadaye, Mobutu, rais aliyeipokea timu ile kwa shangwe Kinshasa, aliikimbilia Afrika ya Kaskazini naye, akafa Rabat, nchini Moroko, tarehe 7 Septemba 1997, na kaburi lake liko huko. Alikuwa na ndege, na majumba, na fedha isiyohesabika. Kitu alichokosa ni njia ya kurudi.

Nimesema kwamba maji yalikuwa ya kwanza kusafiri. Siku hizi kisafiricho zaidi ni jiwe. Tangu bei ya koltani ilipopanda ghafula mwaka 2000, milima ya Rubaya imechimbwa kwa sepeto na patasi mpaka imekuwa kama sega la nyuki lililokwisha kukamuliwa. Vijana hushuka mashimoni na tochi kichwani, udongo huporomoka msimu wa mvua, na Umoja wa Mataifa umesema kwamba zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, ambayo hupatikana katika koltani, hutoka hapa. Jiwe hilo halihitaji pasipoti. Linavuka mpaka ndani ya gunia, linasafishwa ng'ambo, linatiwa katika simu, na yamkini liko mkononi mwa mtalii yule anayejipiga picha mbele ya Piramidi za Giza wakati huu tunaozungumza.

Mwenye jiwe ndiye asiyeweza kwenda. Mwishoni mwa Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na Januari 2025 vita vilipoingia Goma uwanja wake wa ndege ulifungwa, hivi kwamba orodha ya Mwalimu, ambayo kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ni kazi ya wiki mbili, kwake imekuwa kazi ya miaka. Pasipoti hutolewa na serikali iliyo ng'ambo ya mstari wa vita. Ndege itampasa kuipanda katika nchi jirani, Kigali au Entebbe, baada ya kuvuka mpaka. Viza huombwa kwa barua ya benki, naye akiba yake iko katika ng'ombe watatu walio malishoni, ambao kila usiku ni wake kwa kudra ya Mungu tu. Amekwisha kwenda mara mbili katika ofisi moja kuuliza, akaambiwa arudi kesho. Na kesho hiyo, kwa hesabu yake, sasa ina miezi kumi na minne.

Nilimjibu swali lake kama nilivyoliandika hapa, kuanzia kwa Bombay na wenzake, naye akasikiliza akiwa ameikunja mikono kama mtahini. Nilipofika kwenye zile hati za shamba na riale kumi za mahari, alininyamazisha kwa kidole, akalifungua daftari. Ilionekana kwangu kwamba ataongeza kitu chini ya jibini. Hakufanya hivyo. Aliugeuza ukurasa wa kwanza, ambao juu yake palikuwa na nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya tarehe ya kuondoka, akapiga mstari kwa rula, na juu ya mstari ule akaandika kwa herufi kubwa: KURUDI. Mbele ya neno hilo aliweka siku na mwezi, na jina la mtu ambaye atawalisha ng'ombe wake mpaka siku hiyo. Nafasi ya kuondoka aliiacha wazi vile vile, akanitaka nimsomee tena habari za Morisi, pale waliposhushwa mahali pasipo pao, wakachangiwa fedha, wakatazama sarakasi, na bado wakafika kwao.